Andika: Matope

Ofisi yetu ya kwanza ilikuwa chumba cha nyuma
kwa kinyozi wa Kibangali, pale Ibra, karibu na soko:
ruta tatu za mitumba, feni moja, na Mundhir
aliyekula tende akaziacha kokwa juu ya seva.
Programu hatukununua. Waliiandika watu tusiowajua,
wakaiacha wazi kama mlango wa msikiti.
Tukavua viatu, tukaingia, tukaanza kazi.

Mteja wa kwanza, Bwana Suleyum wa kiwanda cha tende,
aliishika ankara kwa vidole viwili
kama mtu anayeshika samaki wa juzi.
"Zuwena, si uliniambia mwenyewe kitu hiki ni bure?
Riali mia mbili na arobaini za nini?"
Nikababaika. Ni kweli nilijinadi hivyo, bure, bure,
nikidhani neno tamu litaniuzia.
Leo ningemjibu: bure ni maji, Bwana Suleyum.
Unachonilipa ni mimi kuamka saa tisa za usiku
ndoo ikiwa mkononi.
Siku ile nilimpunguzia hadi themanini,
nikarudi nyumbani na hasara
na bakuli la halua.

Mwaka wa tatu Mundhir aliona kosa.
Njia mbili za kwenda Maskati zikikatika
na kurudi kwa pamoja, ruta huzisahau zote,
hukaa kimya kama baba aliyeulizwa ghafla
majina ya wanawe kumi na mmoja.
Akaandika kiraka. Mistari kumi na moja pia, cha ajabu.
Nikamwambia: usikitoe.
Waache wale wa Nizwa watokwe jasho.
Leseni haikutukataza. Heshima ndiyo iliyotukataza,
na heshima haina mahakama.

Miezi saba.
Kila toleo jipya liliposhuka
tulikishona kiraka chetu upya, usiku, kwa mkono.
Mara nne tulishona vizuri.
Mara ya tano zahanati moja upande wa Mudhaibi ilizimika,
majina ya wagonjwa yakakwama njiani,
na nesi Lissy akanipigia simu
bila kupaza sauti. Hilo ndilo lililoniuma.
Niliendesha gari gizani nikimenya waya kwa meno.
Mtandao ulirudi alfajiri. Hakuna aliyekufa.
Nasema hivyo upesi kila mara,
kabla sijaulizwa.

Wiki hiyo hiyo tulikituma kiraka kwa wenyewe.
Mtu mmoja, jina lake herufi tatu tu,
akajibu kabla chai haijapoa:
mstari wa sita una kasoro.
Akatuonyesha.
Ndiyo iliyoizima Mudhaibi.
Angeiona mwezi wa kwanza.

Mama, mzaliwa wa Wete, akipenda kusema: cha mtu mavi.
Baba hakuwa msemaji. Ana nusu saa yake ya falaji
kila siku ya nane, nusu saa ya maji, basi,
yakishapita ni ya jirani.
Mfereji wenyewe hauna bei, zamu ndiyo huuzwa.
Na siku ya kuzoa matope
hata mwenye dakika kumi hushuka na karai.
Niliyaona hayo kabla sijajua kusoma.
Bado yalinichukua miezi saba.

Mundhir sasa yuko Dubai, ghorofa ya thelathini,
kampuni yenye vioo vingi kuliko watu.
Ameniambia wanatumia programu ile ile,
na kiraka chake kimo, mistari tisa sasa,
mtu alikipunguza vizuri kuliko yeye.
Alicheka. Sikujua kama amefurahi.

Mimi nimebaki Ibra na vijana sita.
Kila Jumatatu mmoja wao hamfanyii kazi mteja yeyote:
anasafisha msimbo wa watu tusiowajua.
Shinuna, mhasibu wangu, amenyanyua kalamu:
"Siku nzima hii niiweke safu gani?
Hisani, au gharama?"

Nimemwambia andika: matope.